Hatua za mradi (Nakivale)

Hatua za mradi ni mfululizo wa kazi unaoanzia kwenye wazo na kuishia kwenye makabidhiano. Taasisi ya Usimamizi wa Miradi, iliyoundwa Marekani mwaka 1969, huzigawa katika makundi matano: kuanzisha, kupanga, kutekeleza, kufuatilia na kufunga.

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, Uganda, kuanzisha ndiko kwenye milango mingi ya kubisha. Kikundi cha Kabazana, eneo lililomo ndani ya makazi hayo, kinachotaka, tuseme, kufungua karakana ya ushonaji huanza kwa viongozi wa wakimbizi kijijini, kisha huenda Ofisi ya Waziri Mkuu, inayosimamia makazi na kugawa ardhi. Katika kupanga, bajeti isiyo na nauli na gharama za kusafirisha mizigo ni nusu bajeti: vyerehani na vitambaa vya jumla hufuatwa mjini Mbarara, na barabara za udongo huharibika kwa mvua za Machi hadi Mei.

Ufuatiliaji huenda sambamba na utekelezaji, daftari la mahudhurio likilinganishwa na watu walioketi kwenye mashine. Kufunga hupuuzwa mno, ingawa ndiko risiti huambatanishwa, vifaa huhesabiwa na huandikwa nani atashika ufunguo wa karakana.