Msitu wa Duru-Haitemba ulivyopata wenyewe

Sisi wa Babati mjini tunanunua mkaa bila kuuliza umetoka wapi. Leo nawakumbusha Duru-Haitemba.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilitaka kuufanya msitu ule hifadhi yake. Wanavijiji wakahofia kunyang'anywa, wengine wakazidisha kukata. Kumbe dawa ilikuwa kuwaamini. Kuanzia 1994 vijiji vinane viligawana mipaka, vikatunga sheria ndogo, vikateua walinzi wao wenyewe. Miti ikachipua tena. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ikaitambua misitu ya vijiji Tanzania Bara.

Wataalamu walijifunza kwa wakulima, wala hawakupungukiwa heshima. Nasi tunaopika mjini tusiwahujumu walinzi wale: tuulize mkaa wetu umekatwa wapi.