Mfuko wa Maji Uliojificha Mwilini

Ninyi mnaolisoma somo hili baada ya kulisikia katika redio, someni polepole, na ajuaye amsaidie mwenzake. Leo tuna somo la historia. Si historia ya wafalme wala ya vita, bali ya ugonjwa mmoja, na jinsi watu walivyochukua miaka mingi kuufahamu.

Kwanza nijibu swali hili. Je, umepata kuona mbuzi au ng'ombe akichinjwa, na katika ini lake vikaonekana vifuko vyeupe vilivyojaa maji? Mara nyingi mchinjaji hukata sehemu ile akamtupia mbwa. Basi shika jambo hilo moyoni, maana mzizi wa historia yetu umo humo.

Sisi watu wa pwani, tangu Bagamoyo mpaka Miono na Saadani, tunajua uvimbe wa maji. Tunajua busha. Busha laweza kuletwa na minyoo midogo sana inayoenezwa na mbu. Lakini uvimbe wa leo ni mwingine kabisa. Huu huletwa na tegu wa mbwa.

Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, mganga wa Uyunani aitwaye Hippocrates alieleza habari za ini lililojaa maji. Ugonjwa ulionekana, lakini chanzo chake hakikujulikana. Mwaka 1853 mtaalamu wa Ujerumani, Carl von Siebold, alieleza jinsi alivyowalisha mbwa vifuko vilivyotoka katika wanyama wa kufugwa. Alipowapasua mbwa wale, alikuta tegu wadogo matumboni mwao. Mwaka 1863 wataalamu wengine walitumia vifuko vilivyotoka katika miili ya watu, na tegu wakaonekana vilevile. Hapo fumbo likafumbuka: mfuko wa mtu, mfuko wa mbuzi na tegu wa mbwa ni mnyoo mmoja.

Tegu huyu ni mdogo, urefu wake haufiki sentimita moja. Mayai yake hutoka katika kinyesi cha mbwa, yakashika manyoya yake, majani, mboga na maji. Mtu akimshika mbwa, kisha akala bila kunawa, aweza kuyameza. Yai huanguliwa tumboni, na buu huingia katika damu.

Sasa fikiri jinsi tunavyochuja tui kwa kifumbu. Ini ni kifumbu cha kwanza cha damu itokayo tumboni, na mapafu ni kifumbu cha pili. Katika wagonjwa 10, kiasi cha 7 huwa na mfuko katika ini, na kiasi cha 2 katika mapafu. Lakini hata kifumbu kizuri hupitisha chicha kidogo. Mabuu machache hupenya, yakafika mahali pasipotazamiwa: katika wengu, figo, moyo, mfupa, ubongo, au nyuma ya jicho.

Hapo ndipo penye taabu. Mfuko hukua polepole, pengine miaka mingi, bila maumivu. Ukiwa nyuma ya jicho, jicho husukumwa nje. Ukiwa katika ubongo, mtu hushikwa na kifafa au maumivu makali ya kichwa. Ukiwa ndani ya mfupa, mfupa huvunjika kwa jambo dogo tu. Ndugu husema amerogwa. Hata daktari aweza kudhani ni jipu au saratani. Na akitoboa kwa haraka, maji yakamwagika ndani, mgonjwa aweza kuzimia na kufa papo hapo. Au akipona, vifuko vipya huota kila mahali maji yalipofika.

Je, daktari atajuaje? Tutazame kwa jirani zetu wa Turkana, kaskazini ya Kenya. Huko watu na mbwa huishi pamoja sana, na maji ni haba. Katika miaka ya 1970 na 1980, sehemu za kaskazini za Turkana zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoshikwa zaidi na ugonjwa huu duniani: kila mwaka wagonjwa kama 220 katika watu 100,000. Mwaka 1983, AMREF, shirika linalojulikana kwa madaktari wake wa ndege, lilianza huko kazi ya kuupiga vita. Walichukua mashine ya ultrasaundi, inayopiga picha ya ndani ya mwili kwa mawimbi ya sauti, wakaenda nayo mpaka kwa wafugaji. Mwaka 1987 ilitangazwa kwamba mashine ile iliwagundua wagonjwa wengi ambao kipimo cha damu hakikuwaonyesha. Maana mfuko mzima usiopasuka huweza kujificha, damu isiwe na dalili yo yote.

Matibabu nayo yana historia yake. Zamani kulikuwa na kisu tu. Tangu miaka ya 1980 ipo pia dawa ya albendazoli, inayomezwa kwa miezi. Mifuko mingine ya ini hutolewa maji kwa sindano, ikitiwa dawa ya kuua mabuu. Lakini njia hiyo haifai kwa mfuko wa moyo wala wa ubongo. Mfuko wa ubongo hutolewa mzima: mpasuaji hutia maji ya chumvi nyuma yake, nao huelea nje taratibu kama yai. Wa mfupa ndio mgumu kuliko yote. Pengine hubidi kukata kipande cha mfupa wenyewe.

Waweza kuuliza: ugonjwa huu hukomeshwa? Ndiyo. Katika kisiwa cha Aislandi, mbali kaskazini, mbwa wengi walikuwa na tegu huyu. Mwaka 1864 daktari Harald Krabbe alitoa kijitabu, kikagawiwa majumbani. Watu wa kule walijua kusoma, wakakisoma. Mwaka 1890 sheria ikaamuru vifuko viharibiwe na mbwa wapewe dawa. Katika karne ya 20 ugonjwa ukatoweka. Ndugu zangu, kijitabu kilifanya kazi kwa sababu walikuwapo wasomaji. Nawe sasa ni msomaji.

Siku hizi wafugaji wengi wamehamia wilaya ya Bagamoyo na mifugo yao, na mtu husafiri na mwili wake wote. Kwa hiyo, ukiwa na uvimbe usioeleweka, usikubali kutobolewa na mtu wa mtaani. Nenda hospitali, ukamweleze daktari mambo matatu: umekaa wapi tangu utoto, umeishi na mbwa, na uvimbe ulianza lini. Nyumbani, nawa mikono na osha mboga. Ini lenye vifuko lichome au lifukie chini sana. Mwulize Bwana Mifugo dawa ya mbwa.

Maswali ya darasa:
1. Kwa nini mifuko mingi huonekana katika ini?
2. Kwa nini ni hatari kutoboa uvimbe usiojulikana?
3. Kijitabu cha 1864 kiliwasaidiaje watu wa Aislandi?

Kwaherini, mpaka juma lijalo.