Macho Hayana Pazia: Vita vya Mabango Kando ya Barabara za Marekani

Wahenga walisema macho hayana pazia. Wafanyabiashara nao wakasema biashara matangazo. Zikutanishe kauli hizi mbili kando ya barabara kuu, ugomvi unaanza hapo hapo. Abiria ana macho ambayo hawezi kuyafumba safari nzima. Mwenye duka ana bidhaa anayotaka ionekane. Na katikati yao kuna barabara iliyojengwa kwa kodi ya wote. Sasa hayo macho ya msafiri ni mali ya nani, na nani ana haki ya kuyauza?

Ndugu msomaji, Wamarekani wameligombania swali hilo kwa miaka mingi, bungeni, mahakamani na hata sokoni. Nimeamua kuisimulia historia yao kwa sababu naona ina somo hata kwa mtu asiyejali mabango.

Kwanza niwatendee haki watu wa matangazo, maana mwandishi yeyote akisikia kisa cha Burma-Shave lazima atabasamu. Hiyo ilikuwa krimu ya kunyolea ndevu, mali ya familia ya Odell ya jimbo la Minnesota. Mwaka 1925 kijana wao, Allan Odell, akaja na ujanja. Badala ya bango moja kubwa, walipanga vibao vidogo mfululizo kando ya barabara, kila kimoja na maneno machache. Dereva anasoma cha kwanza, anasogea, anasoma cha pili, cha tatu, vina vinagongana, mzaha unakolea, na kibao cha mwisho ndicho kinachotaja jina la krimu. Baadaye kampuni ikawa inaendesha mashindano, na mtu ambaye ubeti wake ulichukuliwa alilipwa dola 100. Hebu fikiri, wewe mwenzangu unayezunguka na miswada kwenye mkoba: ubeti mmoja, dola 100, tena za enzi hizo! Mwaka 1963 kampuni iliuzwa kwa Philip Morris na vibao vikang'olewa. Si sheria iliyoviondoa. Magari yalikuwa yameshaongeza kasi, na msafiri hakuwa tena na muda wa kusoma ubeti kibao kwa kibao.

Lakini matangazo mengi hayakuwa mashairi, yalikuwa makuta. Huko Honolulu, mwaka 1912, kina mama waliunda chama kilichoitwa The Outdoor Circle. Walikuwa wamechoka kuona mabango yakiwaziba milima na bahari. Kura hawakuwa nayo, maana wanawake wa huko hawakuruhusiwa kupiga kura wakati ule. Basi wakatumia silaha waliyokuwa nayo, yaani kikapu cha sokoni: bidhaa iliyotangazwa kwenye bango, hawainunui. Wakakaza uzi hivyo kwa miaka, mpaka mwaka 1927 Hawaii ikapiga mabango marufuku. Ilikuwa haijawa hata jimbo la Marekani. Jimbo ilikuja kuwa mwaka 1959.

Bara, vita vilipamba moto baada ya mwaka 1956. Mwaka huo Rais Eisenhower alitia saini sheria ya kujenga mtandao mpya wa barabara kuu, maili 41,000, kama kilometa 66,000 hivi. Katika kila dola 100 za ujenzi, Serikali Kuu ilibeba dola 90. Hapa ndipo penye kiini cha ugomvi, msomaji, usipapite haraka. Lile shamba la mahindi ambalo barabara ilipita kandoni mwake, kabla ya lami nani angetoa hata senti moja kuweka bango pale? Ni magari yaliyoipa ile nafasi thamani, na magari yaliletwa na fedha za umma. Mwenye bango alikuwa anauza kitu ambacho hakukitengeneza.

Mwaka 1958 Bunge likajaribu kubembeleza. Jimbo litakalodhibiti mabango kwenye barabara hizo mpya litaongezewa nusu asilimia ya gharama za ujenzi. Majimbo mengi yakaona chambo chenyewe kidogo, yakakipuuza.

Ndipo akaja Rais Lyndon Johnson na mkewe, Lady Bird. Mama huyu alilishikia bango, kama tusemavyo siku hizi, suala la uzuri wa barabara za nchi yake. Wapinzani wakamcheka waziwazi. Mbunge kijana wa Kansas, Bob Dole, alipendekeza kwamba mahali sheria inapomtaja Waziri wa Biashara lifutwe neno hilo, iandikwe "Lady Bird". Pendekezo likaangushwa, sheria ikapita, na tarehe 22 Oktoba 1965 Johnson akatia saini Sheria ya Kupendezesha Barabara Kuu.

Kwa maandishi ilikuwa na meno. Mabango yaondoke ndani ya futi 660 kutoka ukingo wa hifadhi ya barabara, yaani kama mita 200, viwanja viwili vya mpira vikifuatana. Jimbo litakalokaidi litakatwa asilimia 10 ya fedha zake za barabara. Lakini watu wa mabango nao hawakuwa wamelala. Ndani ya sheria hiyo hiyo waliingiza mambo mawili. La kwanza, maeneo ya biashara na viwanda yaliruhusiwa kubaki na mabango. La pili, mwenye bango halali linaloondolewa alipwe fidia, asilimia 75 kutoka Serikali Kuu na 25 kutoka jimboni.

Chenga zikaanza. Majimbo mengine yakatangaza kuwa eneo la biashara hata mahali palipokuwa na karakana moja na nyasi. Makampuni nayo yakapiga hesabu: sheria inasema futi 660? Haya, tunajenga futi 700, ila bango tunalifanya kama jumba ili lionekane kutoka huko huko. Mpaka Bunge lilipoziba tundu hilo la vijijini kwa marekebisho ya 1974, majitu hayo yalikuwa yameshasimama. Mwaka 1978 likaja pigo zaidi. Hata mji uliotaka kutumia sheria yake wenyewe kuondoa mabango kwenye barabara hizo ulilazimika kulipa fidia taslimu. Ilipofika miaka ya 1980, fungu la fidia la Serikali Kuu lilikuwa limekauka. Hakuna mshiko, hakuna kung'oa. Sheria iliyotungwa kuyafukuza mabango ikageuka ngao ya mabango.

Sasa linganisha na Vermont, jimbo dogo la milima na ng'ombe wa maziwa. Wao walikuwa na msingi wao wa zamani. Mwaka 1943 mahakama ya juu ya jimbo hilo ilishaamua, katika kesi ya Kelbro dhidi ya Myrick, kwamba mwenye ardhi kando ya barabara ana haki ya ardhi yake kuonekana kutoka barabarani, lakini haki hiyo haimpi ruhusa ya kuyageuza macho ya wapita njia kuwa bidhaa ya kukodisha. Juu ya msingi huo, mbunge Ted Riehle akasukuma sheria iliyopita mwaka 1968: mabango ya biashara kando ya barabara basi, jimbo zima. Yaliyokuwepo yakapewa miaka michache yale jasho la mwisho, kisha yashuke. Katikati ya miaka ya 1970 yalikuwa yameshuka.

Na wenye hoteli ndogo? Walilia kwamba watakufa njaa. Malalamiko yao yalikuwa ya haki, na mimi singeusifu mpango ambao ungewaacha gizani. Jimbo likaweka vibao rasmi vya kuelekeza, vya ukubwa na mtindo mmoja, ambavyo kila mwenye biashara angeweza kuomba. Hoteli ya mjane mwenye vyumba sita ikapata kibao sawa na cha tajiri mwenye vyumba mia. Kwenye vita vya mabango makubwa mjane yule asingeweza kushindana kamwe.

Najua kuna atakayeuliza: kumnyima mtu fidia si dhuluma? Swali zuri. Mtu aliyewahi kuona nyumba ya jirani imepigwa alama ya X nyekundu kando ya barabara hawezi kulicheka neno fidia. Lakini nyumba ni nyumba. Mtu ameijenga, watoto wanalala humo. Bango nalo lina nguzo na mabati, na mwenyewe alipewa miaka ya kurudisha gharama zake. Kilichobaki, kile alichotaka kulipwa mamilioni, ni sisi tunaopita na kutazama. Serikali ya Marekani ilipokubali kulipia hicho, ilikuwa imekiri kwamba ni mali yake. Baada ya kukiri hivyo ilishindwa, maana hakuna hazina inayotosha kununua macho ya watu barabara nzima.

Mpaka leo ni majimbo manne tu yanayopiga marufuku mabango hayo: Hawaii, Vermont, Maine iliyopitisha sheria yake mwaka 1977, na Alaska ambako wananchi wenyewe walipiga kura mwaka 1998.

Sisi wa kalamu tunaishi kwa macho ya watu pia, kwa hiyo kesi hii inatuhusu. Tofauti ni kwamba kitabu lazima mtu akifungue kwa hiari, na akichoka anakifunga. Mwenye bango hakumwachia msafiri nafasi hiyo. Kina mama wa Honolulu walilielewa hilo mapema, kabla ya maprofesa na mawaziri, tena bila kura na bila ruzuku.