Mwenyeji na Hati ya Mahakama

Jumuiya ya BRICS, ambayo wakuu wake walikutana mara ya kwanza Yekaterinburg mwaka 2009, haina sekretarieti ya kudumu. Kila mwaka dola moja hushika uenyekiti, hupanga shauri, hupeleka mialiko na kutandika jamvi. Kwa hiyo sheria za mwenyeji humpata mgeni pia, na jambo hili halikupata kudhihirika kama lilivyodhihirika Afrika ya Kusini mwaka 2023.

Nchi hiyo ilikuwa imekwisha kupokea mkutano huo Durban mwaka 2013 na Johannesburg mwaka 2018, na mara zote mbili Rais Vladimir Putin wa Urusi alikuja na kurudi kwa amani. Lakini tarehe 17 Machi 2023 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitoa hati ya kumkamata, kwa tuhuma ya kuwahamisha watoto wa Ukraine isivyo halali. Afrika ya Kusini imo katika Mkataba wa Roma ulioanzisha mahakama hiyo, na bunge lake liliutia mkataba katika sheria za nchi mwaka 2002.

Tena palikuwa na kumbukumbu chungu. Mwezi Juni 2015 Rais Omar al-Bashir wa Sudan, aliyetakiwa na mahakama iyo hiyo, alihudhuria mkutano wa Umoja wa Afrika Johannesburg. Mahakama ya Pretoria iliamuru asiachwe kuondoka. Naye alipanda ndege akaenda zake. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ilihukumu kwamba serikali ilivunja sheria. Serikali iliyokwisha tahayari hivyo ingaliwezaje kurudia?

Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni huyu angalikuja, mwenyeji angaliugua. Rais Cyril Ramaphosa aliieleza mahakama kwa kiapo kwamba kumkamata mkuu wa Urusi kungekuwa kutangaza vita. Tarehe 19 Julai ikatangazwa kwamba, kwa mapatano, Putin hatakuja. Mwezi Agosti, huko Sandton, Waziri Sergei Lavrov alikalia kiti chake, na mwenyewe akahutubia kwa video.

Magazeti yalishughulika zaidi na nchi sita zilizoalikwa kujiunga, ambazo mojawapo, Argentina, ilikataa baadaye. Kile kiti kilistahili kutazamwa zaidi. Mwaka 2024 Putin alikuwa mwenyeji mwenyewe, Kazan, mahali ambapo hati haikuwa na nguvu. Julai 2025 mkutano ulikwenda Rio de Janeiro, katika nchi nyingine iliyotia sahihi Roma, naye akahutubia tena kwa video.