Kamera za ulinzi zinapopoteza mawasiliano na kinasa video: uchunguzi uanzie wapi?

Mwenye duka aliyevunjiwa usiku hukimbilia kinasa video asubuhi. Mara nyingine hukuta picha za siku zote isipokuwa za usiku ule anaouhitaji. Kamera ilikuwa ukutani na kinasa kilikuwa kinawaka, lakini mawasiliano kati ya vifaa hivyo viwili yalikuwa yamekatika bila mtu kujua.

Kamera zinazotumia mtandao zimeenea katika nchi za ukanda wetu. Wapo wafanyabiashara wanaozinunua Kariakoo, jijini Dar es Salaam, au katika barabara ya Luthuli, jijini Nairobi, kisha wakazisafirisha hadi ng'ambo ya mpaka. Hitilafu inapotokea, muuzaji yuko mbali, na fundi wa karibu huenda akashauri kamera mpya inunuliwe. Kabla ya gharama hiyo, yafaa ikumbukwe kwamba kamera inaweza kuwa nzima, na tatizo likawa katika njia inayoiunganisha na kinasa, ambacho mafundi hukiita NVR. Njia hiyo huchunguzwa hatua kwa hatua, kuanzia kwenye umeme.

Umeme

Kamera nyingi za aina hii hupokea umeme na kupeleka picha kwa kebo moja ya mtandao. Utaratibu huo, unaojulikana kama PoE, uliwekewa kiwango cha kimataifa mwaka 2003, cha hadi wati 15.4 kwa kila tundu. Kiwango cha mwaka 2009 kikafikisha wati 30. Hata hivyo, swichi yenyewe ina kikomo cha jumla. Swichi ya matundu 8 yenye wati 60 kwa jumla haiwezi kulisha kamera 8 zinazohitaji wati 9 kila moja, kwa kuwa zitahitaji wati 72.

Dalili moja haipaswi kupuuzwa: kamera inayoonekana vizuri mchana, lakini hupotea giza linapoingia. Usiku kamera huwasha taa zake za infraredi, na matumizi ya umeme hupanda. Kama umeme unaoifikia ni hafifu, kamera huzimika na kuwaka tena mara kwa mara, katika saa zile zile ambazo ulinzi unahitajika zaidi.

Kebo

Kebo ya mtandao ya shaba hutegemewa kwa umbali usiozidi mita 100. Kebo za bei nafuu, zenye nyaya za alumini zilizopakwa shaba, hupoteza umeme mwingi zaidi njiani. Vichwa vya kebo navyo huleta hitilafu, hasa pale nyaya 8 zilipopangwa vibaya, au maji ya mvua yalipoingia na kuleta kutu.

Jaribio la kuaminika ni kuishusha kamera na kuiunganisha karibu na kinasa kwa kebo fupi iliyo nzima, kwenye tundu lake lile lile. Picha ikitokea, kosa limo katika kebo ndefu au vichwa vyake. Isipotokea, jaribu tundu lingine ambalo kamera nyingine inalitumia vizuri. Kama bado hakuna picha, endelea na anwani.

Anwani

Kila kifaa katika mtandao kinahitaji anwani yake ya IP. Tuseme kinasa kina anwani 192.168.1.10 na kipimo cha mtandao 255.255.255.0. Kamera yenye 192.168.1.21 itaonana nacho. Yenye 192.168.0.21 haitaonana nacho moja kwa moja, kwa kuwa iko katika kundi jingine, ijapokuwa kebo ni nzima.

Kamera mbili kutoka kiwanda kimoja zaweza pia kufika zikiwa na anwani ile ile. Zikiunganishwa pamoja, hugombania nafasi, na picha huja na kuondoka. Ziunganishwe moja moja, na kila moja ipewe anwani yake.

Kukatika kwa umeme huleta tatizo jingine. Pale ruta inapogawa anwani yenyewe, huenda ikaipa kamera anwani tofauti baada ya umeme kurudi, huku kinasa kikiitafuta kwenye anwani ya zamani. Dawa yake ni kuipa kamera anwani ya kudumu, iliyo nje ya zile zinazogawiwa na ruta.

Ikumbukwe pia kwamba vinasa vingi vyenye matundu ya PoE nyuma yake huziweka kamera katika mtandao wao wa ndani. Simu iliyounganishwa na ruta ya nyumbani inaweza kushindwa kuifikia kamera kwa anwani yake, na hilo si hitilafu.

Nenosiri na lugha ya vifaa

Kamera ikijibu amri ya ping kutoka kwenye kompyuta iliyo katika mtandao huo, lakini kinasa hakionyeshi picha, angalia nenosiri. Likibadilishwa kwenye kamera, sharti libadilishwe na kwenye kinasa. Kamera nyingine hujifunga kwa muda baada ya nenosiri lisilo sahihi kujaribiwa mara kadhaa.

Kurudisha nenosiri la kiwandani ili kurahisisha kazi ni hatari. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka kamera na vinasa vilivyoachwa na manenosiri ya aina hiyo. Vifaa vilivyotekwa vilitumika tarehe 21 Oktoba mwaka huo kuishambulia kampuni ya Dyn, na tovuti kubwa zikakosa kupatikana nchini Marekani na kwingineko.

Vifaa vya kampuni tofauti huelewana kwa utaratibu wa ONVIF, ulioanzishwa mwaka 2008 na kampuni za Axis, Bosch na Sony. Katika baadhi ya kamera, utaratibu huo huja ukiwa umezimwa na huhitaji kuwashwa. Saa za vifaa zikitofautiana sana, kamera yaweza pia kukataa ombi la kinasa. Na kama kinasa ni cha zamani na kamera inatuma picha kwa mfumo wa H.265, ibadilishwe itumie H.264.

Kabla ya janga

Andika anwani ya kila kamera na tundu lake katika karatasi, uihifadhi mahali salama. Kisha, walau mara moja kwa wiki, fungua picha za usiku uliopita, za saa nane kwa mfano, kwa kila kamera. Picha ya moja kwa moja kwenye kioo huonyesha tu kwamba kamera inaona sasa. Haithibitishi kwamba yaliyopita usiku yamehifadhiwa.