Davy na manowari zilizoota majani

Nilipokuwa kidato cha tatu tulikariri orodha ya metali kama kasuku: potasiamu juu, dhahabu chini. Ukikosea, fimbo. Tukafanya mtihani, tukapata maksi zetu, tukasahau. Hakuna aliyetuambia kwamba orodha ile iliwahi kuliaibisha jeshi la majini lenye nguvu kuliko yote duniani. Basi leo ngoja niwasimulie.

Karne ya 18 manowari za Uingereza zilikuwa za mbao, na kwenye bahari za joto minyoo ya baharini ilizitoboa mpaka zikawa kama chekeche. Mwaka 1761 Waingereza wakaivika manowari moja, Alarm, mabamba membamba ya shaba upande wa chini, wakaipeleka Karibiani. Walipoikagua mwaka 1763, minyoo ilikuwa imeshindwa kweli. Lakini misumari ya chuma iliyogusana na shaba ilikuwa imeliwa vibaya! Cha ajabu, pale ambapo karatasi za kufungia mabamba zilikuwa zimesahaulika katikati, misumari ilikuwa mizima.

Kwa nini? Jibu lilianza kuonekana mwaka 1800, pale Mtaliano Alessandro Volta alipopanga visahani vya zinki na fedha, katikati akaweka vitambaa vilivyolowa maji ya chumvi, akapata umeme. Hiyo ndiyo betri ya kwanza. Sasa ebu fikiria: shaba, chuma na maji ya bahari. Alarm ilikuwa betri inayoelea! Chuma kiko juu ya shaba kwenye ile orodha yetu, maana yake ni mwepesi zaidi wa kutoa elektroni. Anayetoa ndiye anayelika.

Humphry Davy aliijua vizuri kanuni hii. Kijana huyu, mtoto wa mchonga mbao, mwaka 1807 alikuwa ametumia umeme wa betri kupata potasiamu na sodiamu kwa mara ya kwanza. Miaka ya 1820 jeshi likamfuata: shaba ya meli zetu inalika na maji ya chumvi, tusaidie. Davy akageuza tatizo la Alarm likawa dawa. Kama metali ya juu huliwa badala ya ya chini, basi bandika zinki au chuma kwenye shaba, kiliwe hicho. Mwaka 1824 aliandika kwamba kipande cha zinki kama punje ya njegere kinatosha kulinda inchi za mraba 40 hadi 50 za shaba.

Na ilifanya kazi. Shaba ikabaki safi. Tatizo ni kwamba meli ziliporudi kutoka safari zilikuwa zimeota majani na viumbe wenye magamba, zikawa nzito na za polepole. Kumbe ile shaba iliyokuwa ikilika kidogo kidogo ndiyo iliyokuwa sumu ya viumbe hao! Davy alipoizuia isilike, aliizuia pia isifanye kazi yake. Akawa ameruka majivu, akakanyaga moto. Mwaka 1825 jeshi likaamuru vipande vile viondolewe. Magazeti na wapinzani wake hawakumwacha. Alifariki Geneva mwaka 1829.

Lakini wazo lake halikufa naye. Mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel alipata hataza ya kuvika chuma zinki. Unayajua hayo: ndiyo mabati ya nyumba zetu kuanzia Manzese hadi Kibera. Na meli za chuma zinazotia nanga Dar na Mombasa hufungwa vipande vya zinki ili viliwe badala yake.

Mimi nadhani Davy hakukosea kemia. Alikosea swali: aliulizwa jinsi ya kuiokoa shaba, akasahau kuuliza shaba ile iliwekwa pale kwa kazi gani. Hivi ni miradi mingapi tunayoifahamu iliyokufa kwa kosa hilo hilo? Nyie mnaonaje?