Mpangilio Usioagizwa Nje: Kodály, Ukuti na Somo la Muziki Katika Shule za Msingi

Mwalimu anayekutana na jina la Zoltán Kodály, mtunzi na mwalimu wa muziki wa Hungaria, kwa mara ya kwanza aghalabu hukutana nalo likiwa limeambatanishwa na jedwali la mfuatano wa kufundisha sauti na mapigo. Kwanza so na mi. Kisha la. Halafu re na do, na mwishoni kabisa fa na ti. Kwa upande wa mapigo, ta na ti-ti hutangulia, kimya cha pigo moja hufuata, na wizani wa sita kwa nane husubiri hadi madarasa ya juu. Jedwali hilo lina kila kitu ambacho mkaguzi wa shule hukipenda: lina hatua, linapimika, na linaingia vizuri kwenye azimio la kazi. Hoja yangu ni kwamba kulinakili lilivyo katika shule ya msingi ya Lamu, Tanga au Dodoma ni kwenda kinyume na Kodály mwenyewe, na ndiko kunakoligeuza somo lililokusudiwa kufurahisha likawa la kukariri.

Kodály alianza kukusanya nyimbo za vijijini kwao Hungaria mwaka 1905, na mwaka uliofuata yeye na mtunzi mwenzake Béla Bartók wakachapisha mkusanyo wao wa kwanza. Shughuli ya shule ilikuja miaka mingi baadaye. Zana alizotumia zilikuwa za kuazima karibu zote. Do inayohama kufuata wimbo ilitoka kwa Waingereza, Sarah Glover na John Curwen. Ishara za mkono ni za Curwen. Silabi za mapigo zina asili yake kwa Mfaransa Émile Chevé. Jenő Ádám, aliyekuwa mwanafunzi wa Kodály, ndiye aliyeandika mwongozo wa walimu wa mwaka 1944, na mwaka 1950 ikafunguliwa shule ya msingi yenye muziki kila siku huko Kecskemét, mji alikozaliwa Kodály. Kilichokuwa cha Kodály na wenzake wenyewe ni mpangilio. Huo waliuchota kwenye nyimbo. Juzuu ya kwanza ya mkusanyo mkuu wa muziki wa jadi wa Hungaria, iliyotoka mwaka 1951, haikuanza na nyimbo za arusi wala za maombolezo, ilianza na michezo ya watoto. So na mi zimetangulia kwa sababu zimejaa katika michezo hiyo. Fa na ti zimechelewa kwa sababu nyimbo kongwe za Hungaria zimejengwa juu ya sauti tano, na kwa sababu nusu ya hatua ambayo fa na ti huileta humpa taabu mtoto mdogo kuipatia.

Zana zenyewe si ngeni kwetu. Sol-fa ya Curwen, uandishi wa nota kwa herufi za do, re, mi, ilisambaa Afrika pamoja na misheni, na mwanakwaya wa Kilutheri au wa Kikatoliki anayesoma nota leo huenda hajawahi kuona mistari mitano. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni huko Johannesburg, aliuandika kwa sol-fa mwaka 1897 wimbo ambao sauti yake ndiyo inayoimbwa katika wimbo wa taifa wa Tanzania. Tatizo ni kwamba sol-fa ilibaki chombo cha kufundishia sauti nne za kwaya kabla ya Jumapili. Ilipoingia darasani iliingia kama ngazi: do, re, mi hadi do ya juu, ubaoni, siku ya kwanza, na watoto wakiitikia kama wanavyoitikia jedwali la kuzidisha. Curwen hakufundisha hivyo. Yeye alianzia kwenye do, mi na so, sauti zinazoegemeana. Tulipokea herufi, tukaacha ualimu wake.

Tukitaka kuurudisha ualimu huo, lazima tuusikilize mdomo wa mtoto wetu. Kihungaria hukazia silabi ya kwanza ya kila neno, kwa hiyo nyimbo zake huanza moja kwa moja kwenye pigo zito. Ndiyo maana wimbo unaoanza kabla ya pigo hilo hauna nafasi kubwa katika vitabu vyao vya mwanzo. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho. Mtoto akisema kitabu, mtoto, kaptula, uzito hauko mwanzoni isipokuwa neno liwe fupi. Sentensi ya kawaida ya Kiswahili huja mbio kuelekea pigo, haianzi nalo. Mwalimu anayesubiri hadi darasa la tano kufundisha mwanzo wa namna hiyo, kwa kuwa jedwali limesema hivyo, anamficha mtoto jambo ambalo ulimi wake umelijua tangu alipoanza kusema. Anayelazimisha maneno yaingie kwenye ta na ti-ti za Kihungaria huishia na watoto wanaoimba KI-tabu, na huo ni uharibifu wa lugha na wa muziki kwa pamoja.

Wizani nao una kisa chake. Sita kwa nane kule Hungaria ni mgeni wa baadaye. Huku pwani mtoto aliyelelewa akisikia ngoma ya chakacha amebebwa mgongoni na wizani huo kabla hajaweza kutembea. Anapiga makofi mawili wakati wenzake wanapiga matatu, na hakuna aliyemwambia kuwa ni jambo gumu. Likicheleweshwa kwa miaka mitatu, linarudi kwake likiwa limevaa jina la kigeni na sura ya hesabu. Upande wa Dodoma kuna ugumu wa aina nyingine. Uimbaji wa Wagogo hutegemea sauti za asili zilizomo ndani ya mlio wenyewe, na baadhi ya sauti hizo haziketi juu ya kinanda. Hapo sol-fa hukadiria tu, na mwalimu mwaminifu atawaambia watoto hivyo badala ya kuwasahihisha waliopatia.

Sasa furaha. Wapo wanaoielewa kama kitulizo: watoto wamechoka na hisabati, waimbe kidogo, wacheke, warudi kwenye kazi. Wapo pia, na hawa wananiudhi zaidi, wanaolitetea somo kwa kudai kwamba litaongeza alama za masomo mengine, kana kwamba muziki unahitaji mdhamini. Furaha ninayoizungumzia hutokana na mpangilio wenyewe. Ni ile ya mtoto anayegundua kwamba jambo lililopewa jina leo ni lile alilolifanya kwa mwili wake mwezi mzima.

Tuchukue mchezo wa ukuti. Watoto wameshikana mikono, duara linazunguka, wanaimba, kisha wanachuchumaa. Kwa siku kadhaa mwalimu hafundishi chochote ila kuhakikisha miguu inakwenda pamoja. Miguu ndiyo pigo, lakini neno pigo halijatajwa. Baadaye nusu ya darasa hutembea na nusu hupiga makofi kufuata silabi za maneno, na ghafla wanasikia kuwa makofi ni mengi kuliko hatua. Kisha mwalimu anafunga kiganja: sauti zote zinakatika, miguu inaendelea, na wimbo unaendelea ndani ya vichwa. Akifungua kiganja, darasa linaibuka kwenye silabi moja. Mara ya kwanza watatofautiana, watacheka, wataomba kurudia. Hapo ndipo usikivu wa ndani unapojengwa, na bila huo kusoma nota ni kutaja herufi tu. Alama ya ubaoni huja mwisho, na inapofika haihitaji maelezo mengi. Linganisha na daftari linaloanza kwa maana ya neno nota, iliyonakiliwa na kupigwa mstari kwa rula.

Nitaulizwa: kwa nini kuandika kabisa, ilhali muziki wetu umepokezanwa kwa kusikia? Swali ni la haki, na simshawishi mtu kuwa kusikia kuna upungufu. Lakini sauti ya wimbo wa taifa wa Kenya ilitoka kwenye wimbo wa kubembelezea watoto wa Wapokomo, na mwaka 1963 jopo la wanamuziki waliojua kusikia na kuandika ndilo lililouweka katika sura ya kuimbwa na taifa zima. Ujuzi wa namna hiyo haustahili kuwa wa watu wachache waliobahatika kupitia misheni fulani.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la walimu wenyewe. Mitaala ya sasa ya Kenya na Tanzania imeuweka muziki katika kapu moja na sanaa nyingine na michezo, na anayefundisha kapu hilo mara nyingi hakusomea muziki. Kumwambia atunge mpangilio wake ni kumtwika mzigo. Kazi hiyo ni ya vyuo vya ualimu. Kila mwanachuo anatoka mahali fulani. Aje na michezo ya kuimba ya kwao, irekodiwe kwa simu, iandikwe, ihesabiwe ni sauti zipi na wizani upi unaojirudia kuliko mingine. Kodály na wenzake walifanya hivyo hivyo, tena kwa silinda za nta za kurekodia sauti. Matokeo yake hayatakuwa rahisi kwa wenye mamlaka: ya Lamu yataanza na sita kwa nane, ya Dodoma yatakuwa na sauti zisizo na herufi, na Taasisi ya Elimu Tanzania au mwenzake wa Kenya, KICD, italazimika kuidhinisha zaidi ya kitabu kimoja kwa darasa moja.